Larry Adler: Bingwa wa Kinanda cha Mdomo Aliyejua Kuchagua Jukwaa

Mwaka 1927 gazeti la Baltimore Sun lilidhamini mashindano ya kinanda cha mdomo (harmonika) katika jimbo la Maryland, Marekani. Aliyetoka bingwa alikuwa mvulana wa miaka 13, mtoto wa fundi bomba wa Kiyahudi mjini Baltimore, jina lake Larry Adler. Kinanda cha mdomo enzi hizo kilikuwa chombo cha nyimbo za mitaani na za dansi, na hizo ndizo mtu angetarajia kuzisikia kwenye mashindano ya watoto. Adler akapiga minueti, dansi ya kale ya Ulaya, iliyotungwa na Beethoven.

Wanaoandika wasifu wake huupitia ubingwa huo kwa sentensi moja, kisha hukimbilia London, Hollywood na orodha ndefu ya wakubwa waliokuwa rafiki zake. Mimi naona kazi yake yote ya miaka sabini na ushei imejaa mle. Kijana yule alikwisha kung'amua kwamba jaji humsikiliza mshindani kwa masikio yaliyokwisha kuzoea muziki fulani, na kwamba chombo kinachodharauliwa kikipiga kitu kinachoheshimiwa, watu hukaa kimya kusikiliza. Tangu siku ile hakuacha kuutumia ujanja huo. Ulimfikisha mbali kuliko mpigaji yeyote wa kinanda cha mdomo kabla yake. Lakini pia uliwafanya watu wengi waamini kwamba yeye ndiye aliyekipa chombo hicho hadhi, jambo ambalo ni kweli nusu tu.

Kwanza tuuweke ubingwa wenyewe mahali pake. Miaka ya 1920 kinanda cha mdomo kilikuwa kimewashika watoto wa Marekani kama homa. Kilitengenezwa kwa mamilioni katika mji mdogo wa Trossingen, Ujerumani, ambako Matthias Hohner, aliyekuwa fundi saa, alianzisha kiwanda chake mwaka 1857. Kilikuwa rahisi kununua na kiliingia mfukoni. Mjini Philadelphia, Albert Hoxie alikusanya wavulana akaunda bendi nzima ya vinanda vya mdomo yenye sare na gwaride. Magazeti, shule na kampuni ya Hohner yenyewe walisukuma mashindano ya watoto huku na kule. Kwa hiyo Adler alishinda mashindano ya watoto yaliyofaidi biashara ya watu wazima. Hakuna aibu katika hilo, ila tusije tukadhani alitoka pale na hati ya mwanamuziki.

Hati hiyo alikuwa amekwisha kuikosa. Alikuwa amesomea piano katika chuo cha muziki cha Peabody, Baltimore, wakamfukuza. Mwaka 1928, akiwa na miaka 14, alitoroka nyumbani kwenda New York kutafuta riziki. Alimwendea Borrah Minevitch, mwenye kundi maarufu la vinanda vya mdomo, naye akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba hafai. Ni mwimbaji Rudy Vallée aliyemsaidia kupata kazi ya kwanza. Kukataliwa na Minevitch huenda ndiyo bahati kubwa kuliko zote maishani mwake, maana kundi lile liliishi kwa vichekesho: wapigaji wakisukumana na kuvuana kofia jukwaani huku wakipuliza. Adler angeingia mle, angekuwa mchekeshaji mwenye pumzi nzuri. Badala yake alivaa koti rasmi la jioni na kusimama peke yake mbele ya maikrofoni.

Mwaka 1934 C. B. Cochran, mwandaaji mkubwa wa maonyesho wa Uingereza, alimchukua kwenda London. Huko Adler akawa nyota kweli, na mauzo ya vinanda vya mdomo Uingereza yakapaa. Mwaka 1939 alipiga na okestra ya simfoni mjini Sydney, Australia. Na hadi wakati huo, mtu huyu anayesimama mbele ya okestra alikuwa akipiga kwa kusikia tu. Kusoma noti sawasawa alijifunza baadaye, akiwa mtu mzima mwenye jina.

Hapa inabidi tukitazame chombo chenyewe, kwa sababu wengi wamekishika lakini wachache wamekitafakari. Kinanda cha kawaida kina matundu 10 na ndimi 20 za shaba: kila tundu lina ulimi mmoja unaolia ukipuliza na mwingine unaolia ukivuta. Kiwe cha ufunguo wa C, basi tundu la nne ukipuliza ni C, ukivuta ni D. La tano ukipuliza ni E, ukivuta ni F. La sita G na A. Hakina noti zote. Adler alitumia kile kikubwa zaidi, cha kromatiki, chenye matundu 12 na kitufe ubavuni. Kidole cha shahada kikibonyeza kitufe, kibao cha ndani kinasogea na kila noti inapanda nusu hatua. Kidole kikiachia, springi inakirudisha. Kwa hiyo noti zote zipo, hata zile nyeusi za piano.

Tatizo ni pumzi. Mpiga fidla anaweza kupiga noti nane kwa mvuto mmoja wa upinde, zikatiririka bila mshono. Mpiga kinanda cha mdomo akipanda ngazi ya C hubadili mwelekeo wa pumzi karibu kila noti: puliza, vuta, puliza, vuta. Ni kati ya A na B tu ambapo anavuta mara mbili mfululizo. Kila anapogeuza pumzi kuna mwanya, mdogo mno, lakini sikio la mtu wa muziki linausikia. Minueti ya Beethoven ni wimbo mwepesi kwa piano. Kwenye kinanda cha mdomo, kuufanya uteleze bila kusikika ukihema ni kazi ya ufundi hasa. Mvulana aliyejifunza mwenyewe, asiye na mwalimu, alikuwa ameuficha mshono huo vya kutosha kumpa kombe.

Ufundi huo ndio uliowavuta watunzi. Darius Milhaud wa Ufaransa alimwandikia utunzi mwaka 1942. Ralph Vaughan Williams, mzee wa muziki wa Uingereza, akamwandikia Romance kwa kinanda cha mdomo, nyuzi na piano, na kabla ya kuandika alimhoji Adler kwa kina chombo kinaweza nini na hakiwezi nini. Arthur Benjamin naye akaandika, kisha Malcolm Arnold mwaka 1954. Huu ndio mchango wa Adler usio na ubishi. Kabla yake mtunzi mwenye heshima zake asingepoteza wiki kwa kitu kilichouzwa pamoja na pipi na marumaru. Baada yake kulikuwa na rafu nzima ya kazi.

Wakati huohuo nyumbani kwake Marekani chama cha wanamuziki kilikuwa na msimamo wake. Kiliposusia kurekodi santuri kuanzia 1942 hadi 1944, wapigaji wa vinanda vya mdomo waliendelea kuingia studio kama kawaida, kwa sababu chama hakikuhesabu walichoshika kuwa ala ya muziki. Dharau ikageuka faida. Ni baada ya kundi la Harmonicats kuuza santuri ya “Peg o' My Heart” kwa wingi wa kutisha mwaka 1947 ndipo chama kilipowafungulia mlango. Nalipenda tukio hili, kwa sababu linaonyesha kuwa vikao vya wakubwa vilihitaji zaidi ya Beethoven na Milhaud ili kubadili mawazo. Kilichowashawishi hasa ni mauzo.

Na sasa siasa, ambako Adler anakuwa mtu mkubwa kuliko ujanja wake. Miaka ya vita alizunguka kuwatumbuiza askari, akafika hata Afrika ya Kaskazini pamoja na mchekeshaji Jack Benny. Kwa miaka kadhaa alishirikiana na mcheza dansi Paul Draper, mtaalamu wa kugongesha viatu, na wawili hao walijaza kumbi na kulipwa vizuri sana. Mwaka 1948 mkazi mmoja wa Greenwich, Connecticut, akawatuhumu hadharani kuwa ni wafuasi wa ukomunisti. Katika Marekani ya wakati ule tuhuma pekee ilitosha. Walikwenda mahakamani kudai wamechafuliwa jina. Kesi ikasikilizwa 1950, wazee wa baraza wakashindwa kukubaliana, na hivyo hakuna aliyeshinda. Lakini mikataba ilikwisha kukauka.

Adler alikana kuwa mkomunisti, ila hakukubali kupiga magoti. Mtu ambaye maisha yake yote alijua jukwaa lipi lina faida, safari hii alijua pia namna ya kulirudia jukwaa la Marekani: kujutia hadharani na kuwasema wenzake. Wapo wasanii waliofanya hivyo na kazi zao zikarudi. Yeye akahamia Uingereza, akaishi huko mpaka alipofariki London mwaka 2001 akiwa na miaka 87.

Adhabu ilimfuata hadi kwenye karatasi. Mwaka 1953 aliitungia muziki filamu ya Kiingereza Genevieve, kichekesho kuhusu magari ya kale. Nakala zilizoonyeshwa Marekani ziliondolewa jina lake. Muziki ule ulipoteuliwa kuwania Oscar, uteuzi ukasomeka kwa jina la Muir Mathieson, aliyeongoza okestra tu. Waandaaji wa tuzo walisahihisha kumbukumbu zao mwaka 1986, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Wakati wa kazi yenyewe bajeti ya filamu ilikuwa finyu, Adler akakubali sehemu ya mapato badala ya ujira wa mkupuo. Filamu ikapendwa mno, na fedha zake zikaendelea kumjia kwa miaka. Walimnyang'anya jina, hundi hawakuiweza.

Lakini nilisema hadithi ya hadhi ni kweli nusu, na nusu ya pili haimo katika wasifu wa Adler kabisa. Turudi mwaka uleule wa ubingwa wake, 1927, tarehe 10 Desemba, mjini Nashville. Kituo cha redio cha WSM kilikuwa kimemaliza kurusha kipindi cha muziki wa okestra kutoka mtandao wa taifa, na ndani yake kilichezwa kipande kinachoiga garimoshi. Mtangazaji George D. Hay akamwita studioni DeFord Bailey, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1899 huko Tennessee, mwenye umbo dogo kwa sababu ya polio ya utotoni. Bailey akatia mdomoni kinanda cha matundu 10 na kupiga “Pan American Blues”, garimoshi zima: magurudumu, mvuke, king'ora kikikaribia na kupotea. Alipomaliza, Hay akasema kwa mzaha kwamba wasikilizaji wametoka kusikia muziki wa opera kuu, na sasa wanaingia kwenye Grand Ole Opry. Ndivyo kipindi mashuhuri kuliko vyote katika muziki wa kantri kilivyopata jina lake.

Ukiniuliza ni nani kati ya wale wawili aliyekijua kinanda cha mdomo zaidi mwaka huo, sisiti kumtaja Bailey. Adler alikilazimisha kifanane na fidla, akaficha pumzi. Bailey aliifanya pumzi iwe ndiyo muziki wenyewe: kile kile kuvuta na kupuliza ambacho Adler alihangaika kukificha, kwake kilikuwa pistoni za injini. Na noti ambazo kinanda chake hakikuwa nazo alizipata kwa kuzipinda, yaani kubadili nafasi ya kinywani mpaka ulimi wa shaba ushuke chini ya sauti yake ya kawaida. Hilo kwenye fidla ni jambo dogo. Kwenye chombo hiki linaleta kilio ambacho hakuna ala nyingine inacho.

Malipo yake? Alizunguka majimbo na wenzake weupe, na mara nyingi hoteli walizolala hazikumpokea. Mwaka 1941, kukiwa na mvutano wa haki za kurushwa kwa nyimbo redioni, alikatazwa kupiga vibao vyake vilivyozoeleka, kisha akaachishwa kazi. Akarudi kung'arisha viatu mjini Nashville kwa miongo. Alifariki 1982, na jina lake likaingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri mwaka 2005. Adler alilipia misimamo yake kwa kuhamia London na kuandika tahakiki za migahawa magazetini. Ni uonevu, sikatai. Ila tofauti ya bei ni kubwa.

Miaka 25 baada ya 1927 mambo yanajirudia kwa namna ya ajabu. Mei 1952 Adler aliipiga Romance ya Vaughan Williams kwa mara ya kwanza mbele ya watu, na ilikuwa New York, mji uliokuwa umeanza kumpa kisogo. Baadaye mwaka huo wasikilizaji wa tamasha la Proms mjini London walishangilia mpaka ikabidi irudiwe. Mwezi huohuo wa Mei, mjini Chicago, kijana wa miaka 22 aitwaye Little Walter aliingia studio na kurekodi “Juke”. Alikikumbatia kinanda pamoja na maikrofoni ndani ya viganja viwili, akaipitisha sauti kwenye amplifaya mpaka ikakwaruza kama saksafoni. Ikashika namba moja kwenye chati ya muziki wa watu weusi na kukaa hapo wiki nane. Sidhani kama waliokuwa kwenye ukumbi mmoja walikuwa na habari za upande wa pili.

Tukipima kwa uzao, upande wa Chicago umeshinda kwa mbali. Karibu kila unapokisikia kinanda cha mdomo katika bluzi na roki, unasikia wajukuu wa Little Walter. Upande wa Adler nao haukuwa tasa. Toots Thielemans wa Ubelgiji alivutiwa na kinanda cha kromatiki baada ya kumwona Adler kwenye filamu, akakipeleka kwenye jazi mahali ambapo Adler mwenyewe hakuwahi kufika. Na Stevie Wonder alipotamba mwaka 1963 akiwa mtoto, ala iliyokuwa mdomoni mwake ilikuwa ni hiyo ya kitufe. Kinachochekesha ni kwamba wote wawili walikichukua chombo cha Adler wakakirudisha kwenye muziki wa Wamarekani weusi.

Hata ndani ya muziki wa okestra, Adler hakuwa peke yake. Tommy Reilly, mzaliwa wa Kanada, alikuwa Ujerumani vita vilipoanza 1939, akakamatwa na kuishi kambini hadi mwisho wa vita. Miaka ile ya kifungo aliitumia kufanya mazoezi akiwa na mfano mmoja kichwani, mpiga fidla Jascha Heifetz. Alitoka na sauti safi, noti zimeungana, mtetemo umepimwa. Kwa sikio langu Reilly ni mpigaji bora kuliko Adler. Adler ana joto na madaha, lakini hupenda kutetemesha noti hadi ipoteze umbo, na kwenye vipande vya haraka anakwepa zaidi ya anavyofika. Reilly hakuwa na visa vya kucheza tenisi na Charlie Chaplin, wala simulizi ya jinsi mtunzi wa Ufaransa Ravel alivyomruhusu kupiga utunzi wake Boléro bila malipo. Adler alikuwa navyo vyote, akavisimulia kwa raha hadi uzeeni. Vingi tunavijua kwa kinywa chake mwenyewe, na msomaji mwenye busara atavipokea kwa tahadhari kidogo.

Kipaji cha kuchagua jukwaa hakikuzeeka. Mwaka 1994, alipotimiza miaka 80, George Martin, yule mtayarishaji wa Beatles, alimtengenezea albamu ya nyimbo za Gershwin, mtunzi wa Marekani. Elton John, Sting, Kate Bush na wengine waliimba, mzee akapuliza. Ikafika namba mbili kwenye chati ya Uingereza. Ukiisikiliza leo utagundua kuwa pumzi imepungua na noti ndefu zinayumba. Lakini angalia alivyojipanga: watu ambao hawajawahi kusikia kinanda cha mdomo cha kromatiki wakinunua albamu kwa ajili ya waimbaji wao, na kati ya kila ubeti na ubeti wanakutana naye. Ni minueti ya 1927 tena, safari hii aliyemwazima heshima si Beethoven, ni Elton John.

Mashindano nayo yamekua. Trossingen, mji wa Hohner, hupokea tamasha la dunia ambako wapigaji hushindana kwa makundi: kromatiki kivyake, kinanda cha matundu 10 kivyake, bendi kivyake. Wapigaji kutoka Asia, hasa Hong Kong na Taiwan, wamekuwa tishio, na ukiwasikia utaelewa kwa nini. Huu utaratibu wa makundi unakiri jambo ambalo wadhamini wa 1927 hawakulifikiria, kwamba Adler na Bailey hawawezi kupimwa kwa mizani moja. Nauunga mkono, ijapokuwa una hasara yake: anayeficha pumzi na anayeitangaza hawalazimiki tena kusikilizana.

Kijana anayejiandaa kwa kundi la kromatiki bado atakutana na kazi za Milhaud, Benjamin, Arnold na Vaughan Williams, na zote hizo zipo kwa sababu Adler aliwaendea watunzi na kuwashawishi. Akinijia na kuniuliza aisikilize Romance kwa nani ili ajifunze kugeuza pumzi bila kusikika, nitampa rekodi ya Reilly.